Simbilisi wa Wifi Hulda

Wifi yangu Hulda hapendi kuandikwa. Nilipomwambia kwamba nataka kuandika habari zake aliniuliza kama nimemaliza kuosha sufuria. Nimemaliza, na ninaandika.

Hulda ni dada mkubwa wa mume wangu Mika. Anakaa pembeni mwa Njombe mjini, ukishayapita mashamba ya chai, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye jiko lililojitenga hatua chache nyuma. Mtu akitaka kumjua asiingie sebuleni. Sebuleni kuna makochi yaliyotandikwa vitambaa vya kufuma, na kalenda ya usharika, na baridi. Aingie jikoni. Humo ndimo anamoishi Hulda na simbilisi wake.

Kwa asiyewajua, simbilisi ni wanyama wadogo wasio na mkia, wakubwa kuliko panya, wadogo kuliko sungura, wanaolia kwii kwii wakisikia kisu kinakata kabichi. Kwetu huku wanafugwa ndani ya jiko, chini ya uchaga wa kuni, karibu na mafiga. Watu wa mjini wanasema ni mifugo ya watoto na ya bibi. Mimi pia nilisema hivyo nilipoolewa, na Hulda akanijibu kwamba bibi na watoto ndio pekee walio na muda wa kupenda kitu. Tangu siku hiyo nilijua nimepata wifi wa kujibizana naye.

Mama yao alikuwa na taratibu zake kuhusu simbilisi, na Hulda anazifuata zote kama ibada. Msichana akienda kuanzisha jiko lake hupewa jike na dume. Mgeni aliyeota moto wa jikoni haachwi aondoke mikono mitupu. Na simbilisi akitoka nje ya jiko, awe amenunuliwa au amelala kwingine, harudishwi kwa wenzake hivihivi: anapakwa kwanza majivu ya uvuguvugu mgongoni na tumboni, apate harufu ya mafiga, wenzake wasimng'ate kama mgeni. Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi. Anachovya mkono kwenye beseni, anamsugua mnyama taratibu kama anayemwogesha mtoto mchanga, anamwachia. Mnyama anakimbilia kundini akiwa na rangi ya jiwe.

Hulda alizaa mtoto mmoja, Brayson. Baba yake alifariki mapema kwa kifua. Brayson akiwa darasa la tatu akaanza kuanguka kifafa, na hapo kila mtu akawa anajua sababu. Jirani alijua kwamba kimetoka ukoo wa baba. Shangazi alijua kwamba kimetoka ukoo wa mama. Mganga mmoja alijua mpaka jina la aliyemroga, na bei yake kuku mmoja tu. Hulda alimsikiliza kila mmoja, akamfunga mtoto mgongoni ingawa alishakuwa mkubwa, akaenda naye hospitali ya Ikonda. Huko walimpa vidonge na wakamwambia ni ugonjwa wa ubongo, ugonjwa kama mwingine. Vidonge vilimsaidia. Brayson alimaliza shule, akaota ndevu, akawa analima viazi. Siku moja alikwenda peke yake mtoni kuosha viazi vya kupeleka sokoni, akaanguka majini.

Mpaka leo tunamwita Mama Brayson, na anaitika.

Baada ya msiba hakulia mbele za watu zaidi ya wiki ile. Ila alibaki na swali moja, na alikuwa akilitoa pale usipolitegemea, mkiwa mnamenya njegere: mle ndani kulikuwa kunatokea nini? Mwanangu anacheka, anaongea, mara anaondoka na mwili uko pale. Mle ndani ya kichwa kulikuwa kunatokea nini? Mimi nimeishia darasa la saba. Nilikuwa namwambia amenye njegere.

Dokta Asteria alikuja kwangu kwa njaa, kama wateja wote. Nina mgahawa Makambako, pale njia panda, ambapo malori ya Zambia na ya Dar yanakutana na ya Songea. Yeye ni Mpangwa wa Lugarawa, mwembamba, anatembea kama mtu aliyechelewa jambo. Si daktari wa kutibu, ni daktari wa kutafiti. Alikuwa amepanga vyumba viwili karibu na stesheni, akavijaza friji, hadubini na betri za sola, na kila mchana alikula wali maharage kwangu akiwa anawaza. Siku moja alikuja amekasirika. Dawa aliyoagiza ng'ambo imefika barafu yake ikiwa maji, imeharibika, na si mara ya kwanza. Akasema sasa atatengeneza mwenyewe, ila anahitaji simbilisi wenye afya na mtu wa kuwatunza.

Nikamwambia ninaye wifi anayewapenda simbilisi kuliko anavyonipenda mimi. Lakini kwanza anieleze, dawa gani inatoka kwenye simbilisi?

Akageuza kiti kuelekea barabarani. Alisema kila seli ya mwili, hasa ya ubongo, iko kama njia panda yetu. Kuna mizigo inaingia, mizigo inatoka, na kila mzigo una mahali pake pa kwenda. Kuna protini moja ambayo kazi yake ni kuielekeza, huu upande huu, ule upande ule. Hiyo ndiyo anayoitafuta. Anataka kujua inakaa wapi ndani ya seli za ubongo, na katika ubongo wenye kifafa inafanya nini.

"Kwa hiyo hiyo protini ni dalali," nilisema.

"Si dalali, Mama Jeni. Dalali anakula pande zote mbili."

Akaendelea. Protini hiyo haionekani kwa macho hata ukiwa na hadubini. Lakini ukichukua kipande chake kidogo ukamdunga mnyama, mwili wa mnyama unakiona kuwa ni kigeni, unatunga kingamwili za kukikamata. Ukichukua damu kidogo ya mnyama huyo, maji yake yana zile kingamwili. Unazimwaga juu ya seli za ubongo zilizooteshwa kwenye kisahani, zinakwenda moja kwa moja kuishika ile protini na si kitu kingine. Juu yake unaweka rangi inayowaka. Palipowaka ndipo ilipo.

Nikasema basi simbilisi ni mbwa wa polisi. Akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akasema mbwa ni damu yake. Nikamuuliza kwa nini asitumie sungura, sungura wana damu nyingi. Akasema ya sungura anayo tayari, ila inatafuta kitu kingine. Anataka kuviona vitu viwili katika seli moja, kila kimoja na rangi yake, na ukiweka sungura juu ya sungura rangi hazijui zimfuate nani. Ndiyo maana simbilisi.

Nilimpeleka Njombe mwenyewe. Hulda alitukaribisha jikoni, akasikiliza habari yote mikono ikiwa mapajani. Aliposikia neno kifafa aliinua uso. Dokta akaniangalia, nikamweleza habari za Brayson kwa ufupi.

"Mama, sitakudanganya," Dokta Asteria alisema. "Kazi hii haitamrudisha. Na pengine hata watoto wanaougua leo haitawafikia."

"Sijauliza kama itamrudisha," Hulda akasema. "Nauliza kama utaangalia mle ndani."

"Nitaangalia."

"Basi chagua simbilisi."

Walichagua sita, majike, wa ukoo mmoja, wote rangi ya udongo mkavu kama wenzao wengi wa jikoni. Dokta akaleta fundi, likajengwa banda safi nyuma ya nyumba, na kila mnyama akapata sanduku lake. Wanne wa kudungwa, wawili wa kulinganisha, wasioguswa na sindano ya protini. Kila mmoja alipakwa alama ya rangi mgongoni. Masharti hayakuwa mengi: wasichanganywe, wasipewe dume, wale chakula cha punje alicholeta yeye pamoja na majani, wasitolewe bandani. Hulda alikubali yote, ila hilo la mwisho aliliona la kikatili. Aliniambia pembeni kwamba huyu mtoto wa watu amesoma, lakini simbilisi asiye na moto ni sawa na yatima.

Wiki zikapita. Dokta alikuwa akija kudunga, akiondoka na matone ya damu, akirudi na majibu. Na hapo ndipo Bluu alipoanza kuwa mtu maarufu. Bluu ni yule mwenye alama ya buluu. Wenzake watatu walitunga kingamwili za kawaida, za kuonekana na kupotea. Damu ya Bluu hata ukiizimua kwa maji mengi kiasi gani bado iliikamata ile protini. Dokta alitusimulia akiwa amesimama, hakai chini kwa furaha. Hulda alimkatia Bluu karoti nzima siku hiyo, na mimi nikamuuliza kama na mimi nianze kudungwa ndipo nipewe karoti.

Kisha Dokta akatueleza jambo ambalo sikulisahau. Kingamwili za mnyama, alisema, si za aina moja. Ni kundi zima, na kila moja imemshika yule mgeni, yaani ile protini, mahali pake, hii sikio, ile kisigino. Kila mnyama hutunga kundi lake. Hata ukimdunga ndugu yake wa tumbo moja, dawa ileile, siku ileile, hatatunga kundi hilohilo. Kwa hiyo damu ya Bluu ni ya Bluu. Alichonacho kwenye friji ni kidogo cha kujaribia. Mwezi wa saba atakuja kuchukua kiasi cha kutosha kazi yote, kisha Bluu apumzike.

"Akifa kabla?" Hulda aliuliza.

"Basi imeisha. Hakuna wa kushika nafasi yake."

Juni ya mwaka ule ilikuja na meno. Mnaoishi Njombe mnajua. Ijumaa moja jioni, mwezi ukielekea kwisha, anga likawa safi kupita kiasi, upepo ukatulia, na Hulda akajua usiku ule itaanguka sakitu, ule umande wa barafu unaounguza mazao. Alikwenda bandani akawakuta wamejikunja pembeni mwa masanduku, manyoya yamesimama. Akawafunika magunia. Akarudi ndani. Akatoka tena. Alipowashika masikio yalikuwa ya baridi kama bati. Alimpigia Dokta simu, na Dokta alikuwa safarini, simu haipatikani. Basi akafanya kile ambacho mama yake angefanya. Aliwabeba wote sita kwenye kapu, akawaingiza jikoni kwenye moto. Na kwa kuwa walikuwa wametoka nje, na kwa kuwa wale wa jikoni wangewang'ata, alichota majivu ya uvuguvugu kwenye beseni akawapaka mmoja mmoja, mgongoni na tumboni, akawasugua vizuri.

Asubuhi viazi vya jirani vilikuwa vyeusi kama vimechomwa. Simbilisi walikuwa wazima wote. Ila hakukuwa na buluu, wala nyekundu, wala njano. Kulikuwa na kundi la wanyama wa rangi ya jivu chini ya uchaga, wanaokula maganda.

Aliwafuta kwa kitambaa chenye maji. Majivu yakatoka, na alama zikawa zimekwisha kutoka nayo. Akasema moyoni atawajua, ni wake, amewazalisha mwenyewe. Akachagua sita akawarudisha kwenye masanduku, huyu hapa, huyu pale. Alipofika wa nne alikuwa anakisia.

Jumapili yake Mika alikwenda kumsalimia dada yake baada ya ibada. Alikaa jikoni akaota moto, wakaongea mambo ya shamba. Hulda hakumwambia kitu, kwa sababu bado alikuwa akijiambia kwamba amepatia. Wakati wa kuaga alifanya kama kawaida, akainama chini ya uchaga, akashika simbilisi mmoja mnono akampa. Mika akanijia naye Makambako ndani ya mfuko wa sandarusi uliotobolewa.

Katikati ya wiki Hulda aliweka chakula cha punje kwenye masanduku kama desturi. Mmoja wa wale sita aliziangalia zile punje kama anayeangalia kokoto. Akazinusa, akageuka. Simbilisi wa bandani alikuwa amezila miezi mitatu. Huyu hakuwahi kuziona. Hulda alikaa chini palepale sakafuni. Halafu akajaribu kurekebisha: akamwaga punje jikoni, atakayekula ndiye wa bandani. Nusu ya kundi wakazila, maana simbilisi ni walafi, anayeona mwenzake anatafuna naye anatafuna.

Alimpigia Mika. Nilikuwa nakaanga vitumbua, simu iko kwenye spika, nikasikia yote. Mume wangu ni mtu mzuri, ila anapenda jambo liishe. Akamwambia dada, damu ni damu, chagua mnono, umpake buluu, Dokta akija Jumatatu atachukua damu yake aende zake. Hatajua.

Upande wa pili nilisikia Hulda akisogeza kuni motoni.

"Ni kweli hatajua," Hulda akasema. "Ndiyo maana siwezi."

Alhamisi asubuhi nilimwona akishuka kwenye basi la Njombe na tenga kubwa kichwani, limefunikwa kitenge, linalia kwii kwii. Watu stendi walikuwa wanamcheka. Nilimsalimia kamwene, nikamwekea chai, hakuigusa. Nikamwambia wifi, umehamia? Akasema amewaleta wote, wa bandani na wa jikoni, hajaacha hata mmoja, na nimsindikize. Nikavua aproni.

Njiani alinieleza anachokiogopa, na haikuwa kukaripiwa. Dokta atawachukua wanyama, atatafuta mtu mwingine mwenye akili, na lile swali lake litabaki na wenye kuelewa, yeye atarudi kumenya njegere. Hilo moja. La pili aliloliogopa zaidi ni kwamba Bluu asipatikane, na wa kuangalia mle ndani asiangalie tena. Nilimsaidia kushika tenga.

Dokta Asteria alisikiliza akiwa amesimama mlangoni na koti lake jeupe. Hulda hakupunguza kitu. Alisema sakitu, alisema majivu, alisema alivyokisia, alisema punje. Alipomaliza Dokta aliuliza sauti ikiwa chini kabisa.

"Ningekuja Jumatatu, ukanipa yeyote, ningemtoa damu nikaandika ni Bluu."

"Ndiyo."

"Picha zingekataa. Ningetafuta kosa mwaka mzima. Kwenye mashine, kwenye dawa, kwenye kichwa changu."

"Ndiyo maana nimekuja, mwanangu."

Dokta alivaa glovu. Akasema damu zenyewe zitasema. Alimtoa kila mnyama tone moja, akilizimua kwa maji ya chumvi, na kila tone likapata kijikaratasi chake cheupe ambacho katikati alikuwa amedondosha ile protini. Akaviosha, akaviwekea dawa ya rangi, akaviosha tena. Kijikaratasi ambacho damu yake inamjua mgeni kitatoa doa jeusi. Ile ya Bluu itatoa doa la wino, hakuna kuuliza.

Kazi hiyo ilikula mchana wetu. Mimi na Hulda tulikaa kwenye benchi tukiwakatia wanyama kabichi niliyoitoa mgahawani. Alikuwa anamwita kila mmoja kimoyomoyo, namwona midomo. Treni ya mizigo ilipita, vioo vikatetemeka, Dokta akasimamisha mkono mpaka ikaisha kupita.

Vijikaratasi vikaanza kusema. Vingi vilibaki vyeupe. Kimoja kikatoa doa la chai. Kingine hivyohivyo. Cha tatu kikakolea kidogo. Wale ni wadungwa watatu wa kawaida, wamepatikana. Dokta alivisogeza vilivyobaki kwenye mwanga, akavisubiri, akavisubiri tena. Vyeupe vyote.

"Hayupo," alisema. "Mama Brayson, una hakika hujaacha mnyama nyumbani?"

Hulda alikuwa ameshika jani la kabichi. Akaliweka chini. Nilimwangalia, akaniangalia, na nadhani tulifika pamoja.

"Mmoja nilimpa Mika," akasema. "Jumapili."

Dokta akanigeukia na uso wenye matumaini, masikini. "Yuko kwako?"

Nimesema mambo mengi makali katika maisha yangu bila kumeza mate. Hili lilinishinda kidogo.

"Nilimpika na karanga," nikasema.

Simbilisi tu ndio walikuwa wanatafuna. Dokta Asteria alivua glovu, akatoka nje, akasimama kuangalia reli akiwa ametugeuzia mgongo. Nilifikiri analia, na pengine alilia. Hulda hakumfuata wala hakujitetea. Alianza kuwarudisha wanyama kwenye tenga, polepole, kana kwamba wote walikuwa mayai.

Aliporudi Dokta aliuliza kuhusu majivu. Kwa nini majivu? Hulda akamweleza habari ya harufu, na kung'atwa, na mama yake. Dokta aliitikia kwa kichwa. Alisema kwa bibi yake Lugarawa walikuwa wakifanya hivyo kwa kuku wageni, naye akiwa mdogo ndiye aliyekuwa akitumwa kuchota. Kisha akasema wanyama watatu waliopatikana watabaki kwake Makambako, na kuhusu mengine ataona. Hakusema kwa ukali, na hakusema kwa upole. Nami nikamuuliza lililokuwa linanisumbua tumboni, kama mimi na Mika tumekula ile dawa. Akasema tumekula nyama. Tumbo halijui kusoma, linavunja kila kitu sawasawa.

Nikamsindikiza Hulda mpaka kwenye basi. Kwenye ngazi ya basi aligeuka akaniuliza kama alikuwa mtamu.

"Sana," nilisema, maana sijui kumdanganya.

"Alikula karoti nyingi," akasema, akapanda.

Ikapita Julai, ikapita Agosti. Banda lilikaa tupu. Hulda alilifagia kila asubuhi hivyohivyo, na mimi nilipomtania kwamba anafagia hewa hakunijibu, nikajua mambo si mazuri. Mtu akiacha kujibizana nami ni mgonjwa.

Septemba Dokta alinipitia mgahawani, akaniomba nimwite Mama Brayson aje Makambako kabla wiki haijaisha. Alikuwa ameishi miezi ile na kile kidogo cha Bluu kilichobaki kwenye friji, damu ya kujaribia. Aliacha maswali yake mengine yote, akachagua moja tu, lile la seli za kifafa, akalitolea matone yale. Kilichobaki kilitosha visahani viwili vya mwisho. Kimoja amekwisha kukitumia. Cha pili alitaka kukiangalia Hulda akiwepo.

Tulikuta madirisha yamezibwa kwa kitenge cheusi, mchana kweupe. Hulda alikaa kwenye kigoda mbele ya hadubini, Dokta akamwonyesha pa kuweka macho. Alikaa muda mrefu sana. Nilidhani haoni kitu na anaona aibu kusema.

"Ni barabara," hatimaye akasema. "Barabara nyembamba, na taa zinakwenda."

"Zile taa za kijani ndipo Bluu alipoishika," Dokta alisema. "Sasa angalia hii. Hii ni seli yenye kifafa."

Akabadilisha. Hulda akaangalia. Nilipopewa zamu yangu nami niliona: kwenye ya kwanza taa zilikuwa zimetawanyika njia nzima, kama unavyoona malori yakishuka kuja kwetu. Kwenye ya pili zilikuwa zimerundikana mahali pamoja karibu na katikati, na kule mwisho wa barabara giza.

Hulda aliuliza kwa utulivu, bila kuondoa mkono kwenye meza.

"Na kwa Brayson ilikuwa hivi?"

"Sijui, mama. Kifafa kina sababu nyingi. Kwenye seli hizi iko hivi. Kwa Brayson sijui, na sitaweza kujua."

Hulda akashika mkono wa Dokta, ule wenye glovu.

"Asante kwa kusema hujui," akasema. "Wengine wote walijua."

Akaomba kuangalia tena ile ya kwanza, na Dokta akamrudishia. Nikatoka nje kuwaacha, nikasimama pale reli ilipo, na nitasema tu kwamba vumbi la Makambako ni baya kwa macho.

Oktoba Dokta alirudi Njombe na fundi. Alisema anaanza upya, wanyama wapya, na kwamba amefikiria watu wengine wa kuwatunza na hakupata mwingine wa kumwamini kwamba atamletea habari mbaya. Hulda akaweka sharti lake mwenyewe: kama simbilisi hawaruhusiwi kwenda kwenye mafiga, mafiga yaende kwao. Wakajenga jiko dogo la matofali katika kona ya banda, lenye bomba la kutolea moshi, na kila sanduku linapata joto. Alama sasa si rangi. Ni tundu dogo sikioni, moja kulia, mawili kushoto, namna hiyo, na majivu hayawezi kulifuta.

Siku ya kuwaingiza nilikuwepo. Hulda alileta beseni lake. Dokta hakusema kitu. Alikunja mikono ya koti, akamshika mnyama wa kwanza kwa mikono miwili, akamwinua juu ya beseni, na Hulda akampaka jivu la uvuguvugu mgongoni na tumboni. Wakamaliza wote, ndipo Dokta akafungua sanduku la vifaa vya kutobolea masikio. Nilimuuliza kama kuna atakayekuwa Bluu. Akasema hapana. Kama watatunga, watatunga ya kwao, na itabidi kuwajua upya mmoja mmoja.

Mika bado anakwenda kumsalimia dada yake baada ya ibada, na bado anaota moto. Mgeni wa jikoni haachwi aondoke mikono mitupu, na Hulda hajaiacha desturi ya mama yake. Ila siku hizi mume wangu anarudi na viazi.